Pigo la Muyisa

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Yaya Victoire, dada mkubwa kwetu sote,

Wewe na Mama Godelive, pokeeni salamu zangu kwanza. Miguu ya Mama inaendeleaje? Hapa tuko wazima. Mvua imeanza, na tope ya Butembo unaijua: juzi ilininyang'anya kiatu kimoja mbele ya wanafunzi wangu wote, nikaendelea kutembea kama mtu aliyepanga hivyo.

Naandika kwa sababu simu zangu huzijibu. Sikulaumu. Kwenye simu mimi mwenyewe sijui kusema. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta. Dereva anayeleta barua hii ni jirani yetu, na ukitaka kujibu umpe yeye.

Habari yenyewe ni hii: baba mukubwa Lusenge atabomoa depo, ile ghala yake ya kahawa. Msimu huu wa kahawa ukiisha, atajenga maduka pale. Najua depo ile unaijua kuliko mimi, lakini niache niiandike kabla haijawa vyumba vya kuuzia simu.

Jumapili baada ya misa ya pili tulikuwa tunaingia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja. Mifuko ya kahawa ilikuwa imepangwa mpaka juu kwenye mabati, pande zote nne, na ilimeza kila kitu. Mtu aliyepita barabarani alidhani kuna mama anatwanga majani ya sombe kwenye ua wa parcelle ya pili. Kumbe ndani ni rock, Yaya, rock yetu, ambayo hakuna redio wala parokia iliyoitaka! Wafanyabiashara walipobeba kahawa kwenda Uganda, kundi letu, Courant Imekatika, lilinyamaza pamoja na depo, mpaka mavuno mengine. Sijui kama kuna kundi lingine duniani lililofuata kalenda ya kahawa.

Wewe ulikuwa mbele, mikro imefungwa kwa scotch, ule utepe wa kunata. Manassé na gitaa lake la nyuzi za frein, breki za baiskeli. Na nyuma kabisa kaka yako Muyisa, na ngoma yake ya pipa la mafuta, na ile pedali aliyoitengeneza kwa vipande vya baiskeli na chambre à air, mpira wa ndani wa gurudumu. Ilikuwa inarudi polepole, kwa hiyo pigo la nne lilichelewa kila mara. Sisi wote tulikuwa tunalingojea pumzi ikiwa imesimama, halafu lilipoanguka tulianguka nalo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mpaka leo nikisahihisha kazi za wanafunzi, kalamu yangu inagonga meza hivyo hivyo.

Watu wa Mifuko, sisi tuliokuwa tunawasikiliza pale, tumetafutana. Emérence ni muuguzi sasa. Kitsa, yule aliyekuwa anaruka kutoka juu ya mifuko, amekuwa padri, Abbé kabisa, huko Lubero. Anasema watoto wa altare wanamshangaa anavyogonga kitabu cha misa. Tunataka Jumapili moja ya mwisho, tarehe 16 mwezi wa sita, kahawa ingali ndani. Baba mukubwa amekubali kwa sharti lile lile la zamani: "Mifuko ibakie. Mimi hapana taka parokia inipigie simu."

Manassé atapiga. Mtu wa ngoma tutamtafuta. Sauti ndiyo haitafutwi, ni yako. Njoo, Yaya.

Mdogo wako,
Tamar


Beni, tarehe 24 mwezi wa tatu 2024

Tamar,

Salamu zimefika. Mama anasema wasingya, asante, kwa kuulizia miguu yake, inauma asubuhi na kumsahau mchana. Mimi ni mzima. Nauza vitenge hapa mtaani Ruwenzori, na jioni nasikia redio ya jirani, hiyo inanitosha.

Sitakuja.

Umeandika vizuri, ulikuwa mtoto wa kuandika vizuri. Lakini nyinyi mnakumbuka ujana wenu. Mimi nikikumbuka mfuko, nakumbuka ule wenye zipu. Ilikuwa 2019, Ebola, na watu wa mazishi walikuwa wapole, siwasemi vibaya, walitulinda. Walishuka kwenye gari na nguo zao nyeupe. Sisi tuliwekwa mbali, kando ya uzio. Padri alisoma haraka. Mama alinyoosha mkono, nikaushika nikaurudisha. Ngoma, pedali, godoro, vyote vilichomwa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuja kukaa nasi, hakuna moto uliowashwa uani, hakuna aliyesimulia habari zake. Dawa ya chlore tu, na mlango uliofungwa.

Kaka yangu alipiga kelele maisha yake yote, na alizikwa kimya. Sasa mnataka nisimame pale alipokuwa nyuma yangu, nigeuke nione mtu mwingine amekaa, niimbe ili mjisikie tena vijana alasiri moja. Kisha mtarudi kwenye kazi zenu na mimi nitarudi Beni na nani?

Tafuteni sauti nyingine. Butembo haijaishiwa watu wa kuimba.

Victoire


Butembo, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Yaya,

Nakutakia wewe na Mama siku nyepesi. Sisi tuko salama.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Umeisaini Victoire tu, kama barua ya bureau ya serikali. Nimeelewa.

Nimewaambia Watu wa Mifuko kwamba Jumapili yetu haipo. Kuna aliyesema tutafute msichana wa korali. Manassé alifungua mdomo mara ya kwanza katika kikao kizima: "Korali iimbe ya korali." Kikao kikaisha hapo.

Sitakuomba tena. Niruhusu tu kukuambia jambo moja, si kwa kujitetea. Umesema hakuna aliyekuja kukaa nanyi, na ni kweli. Siku ile tulikuwa nyumbani, milango imefungwa. Nilikuwa mezani na sahani ya maharagi, na kijiko changu kikaanza kugonga, moja, mbili, tatu, na kungoja. Mama yangu akasema, "Acha, Tamar." Nikaacha. Baadaye nilijua Emérence naye aligonga ukuta wa chumba chake, na Kitsa kitanda chake kule seminari. Kila mtu peke yake, na kila mtu akaambiwa aache. Nadhani nilipokuandikia kuhusu concert sikujua kwamba nilichokuwa natafuta ni mahali pa kumalizia lile pigo. Nililiita furaha kwa sababu sikuwa na jina lingine.

Ndani ya bahasha kuna carte mémoire, kadi ya simu. Emérence alirekodi Jumapili moja kwa simu yake ya zamani, na rekodi hiyo imetembea, mtu kampa mtu, mpaka wengine hawajui ni ya nani. Sauti ni mbaya, kama inatoka ndani ya sufuria. Ni yako. Isikilize au itupe, sitauliza.

Mdogo wako hata ukikataa,
Tamar


Butembo, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Habari za huko? Mama je? Dereva anasema barua alikupa mkononi na hukusema kitu. Basi nakusalimu tu.

Wanunuzi wa kahawa wamekuja mapema mwaka huu. Baba mukubwa anasema mifuko yote itatoka mwanzoni mwa mwezi wa sita. Kwa hiyo hata tungetaka, ile tarehe isingewezekana. Depo tupu inapiga mwangwi mpaka kwenye rond-point ya njia panda. Jana nilipita nikasimama mlangoni. Upande mmoja ukuta umeanza kuonekana. Nilikuwa sijawahi kuuona. Ni wa matofali, rangi ya kawaida kabisa.

Nimefurahi kwamba hukulazimishwa kuuona.

Mdogo wako,
Tamar


Beni, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mdogo wangu Tamar,

Uko salama? Wazazi wako je, na wale watoto wa shule wanaokutazama ukipoteza viatu? Sisi ni wazima. Nimekaa kimya muda mrefu na leo nataka kusema yote, usichoke kusoma.

Carte yako sikuisikiliza. Niliiweka kwenye kopo la vifungo. Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunja vitenge, Mama amekaa uani anachambua maharagi, na parcelle ya nyuma kuna vijana wa kanisa la Waprotestanti wanafanya répétition, mazoezi yao. Siku zote wanapiga nyimbo za ibada, sijali. Siku hiyo wakamaliza ibada, mchungaji akaondoka, wakaanza kitu kingine. Gitaa bovu. Ngoma. Moja, mbili, tatu. Nikasimama na kitenge mkononi. Na la nne, Tamar, likachelewa.

Nikadhani ni bahati. Likachelewa tena. Mama akainua kichwa akasema, "Huyu anapiga sawa Muyisa."

Nilizunguka uzio. Anayepiga ngoma ni msichana, Kahongya, labda miaka kumi na saba, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

– Nani alikufundisha kuchelewa vile?

– Kuchelewa? Hapana kuchelewa, Mama. Ndiyo inapigwaka vile.

– Na ukipiga kwa wakati?

Akapiga kwa wakati, kunionyesha. Wenzake wakamzomea kwamba ni bendi ya gwaride la sikukuu ya uhuru: "Ee! Fanfare ya trente juin! Tutembee défilé!" Akacheka, akarudi kwenye kuchelewa, na mwili wangu wote ukakaa mahali pake.

Nikawaambia ni pedali. Kwamba pedali ya mtu wa kwanza kupiga vile ilikuwa ya vipande vya baiskeli na chambre à air, ilikuwa nzito kurudi, na yeye mwenyewe alikuwa anaitukana kila Jumapili na kuahidi kuitengeneza.

– Mutu gani?

– Kaka yangu.

Wana ile rekodi ya Emérence, wameipata kwa binamu wa mtu huko Mangina, wameisikiliza mpaka wameijua kama sala. Walidhani ni watu wa Kinshasa. Kahongya akaniangalia sana, kisha akasema: "Kumbe ilikuwa kosa?"

– Ilikuwa kosa.

– Basi hilo kosa ni ya kwetu sasa, Mama. Hapana tunarudisha.

Nilicheka. Nilicheka nikalia pale pale mbele ya watoto wa watu, na hakuna aliyeniambia niache.

Niliporudi, Mama alikuwa amemwaga maharagi yote. Akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hajasema. Zile Jumapili tulizodhani yuko kwenye sala za Legio Maria, alikuwa anatufuata. Alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara kwa yule mama wa makala, muuza makaa, anajifanya anabishana bei, na nyumbani makala yamejaa. "Ile mifuko yenu," akasema, "ilinipa muguu ya Muyisa tu. Du, du, du. Sauti yako sikusikiaka hata siku moja. Nilikuwa ninasema, siku moja watafungua mulango."

Hatukufungua, Tamar. Tulikuwa na hofu ya parokia.

Kwa hiyo sikiliza. Mwambie baba mukubwa Lusenge aache mifuko itoke, yote, hata ya kukalia. Nitakuja Jumapili tarehe 23, wakati depo ni tupu, na milango yote miwili iwe wazi. Siji kwa concert. Ni kilio cha Muyisa, matanga yake, kile ambacho hakikukaliwa. Watu wafike asubuhi, Emérence aandae fufu, tule kwanza, kila mtu asimulie Muyisa aliyemjua, hata ya kuchekesha, hasa ya kuchekesha. Wewe utaandika yako na kuisoma, usijifiche nyuma ya watu. Kisha Manassé afunge nyuzi zake. Nyuma yangu atakaa Kahongya. Wazazi wake wamekubali. Nikigeuka nitamwona yeye, na nimejipima, naweza.

Parokia ikipiga simu, Abbé Kitsa ajibu.

Usimwekee Mama kiti ndani. Nimemwambia atakaa mbele kabisa, amekataa. Anasema anataka kusimama pale pale, kwa mama wa makala, asikie sauti inafika namna gani.

Yaya yako,
Victoire