Ripoti ya Pasaka Kabla ya Pasaka

6 Machi

Binti yangu,

Natumaini u mzima na kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi nipo, magoti tu ndiyo yanalalamika.

Nimesahihisha ripoti yako ya sala na ninakurudishia humu. Sita kwa kumi. Umeandika "nimeomba kila siku" bila kutaja saa wala ulichoomba. Kuhusu Zaburi ya 23 umesema "ni nzuri", basi. Miaka yote niliyofundisha darasa la nne, hakuna mtoto aliyethubutu kuniletea jibu la namna hiyo. Tangu tumzike mama yako mwaka jana tumebaki wawili, na sitaki mmoja wetu apoe kiroho kwa sababu ya kupiga pasi shuka za hospitali. Ripoti kila Jumatatu, bila kukosa.

Baba yako

12 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepata nafuu, asante. Pole na magoti. Yapumzishe, Mungu hatakuandika mtoro.

Baba, nina miaka thelathini na moja. Zamu inaanza saa moja asubuhi, mashine inatoa mvuke mpaka nguo inanigandia mgongoni, na nikirudi chumbani nalala na viatu. Hivi kuna mtu mwingine anayepewa alama za sala na baba yake? Mpishi wa hospitali, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, alipouona wino wako mwekundu alidhani narudia mtihani.

Lakini yaishe. Utapata ripoti kila wiki, ndefu, zenye saa na aya. Sitaki tugombane.

Binti yako

3 Aprili

Binti yangu,

Salamu. Afya yangu leo tuiache.

Jana nilipokea bahasha nne kwa mpigo. Nimezipanga mezani kwa tarehe. Ya mwisho ni ya Aprili 21, na unasema mahubiri ya Pasaka yamekutoa machozi na kwaya imeimba vizuri kuliko mwaka jana. Leo ni tarehe tatu. Kwetu huku Yesu hajaingia hata Yerusalemu, kwako ameshafufuka na watu wameshatawanyika kwenda kula.

Zile mbili zilizotangulia kufika mwezi uliopita nilikupa tisa kwa kumi. Moja niliisoma mbele ya wazee wa kanisa, nikiwa nimesimama. Nieleze.

Baba yako

10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali, ila nakuuliza.

Niliziandika zote Jumapili moja, nimekaa kitandani, nikampa mpishi awe anaposti moja kila wiki. Amepata likizo ghafla, akazitia zote kwenye sanduku akiona amenisaidia. Nimemfokea, kumbe kosa ni langu.

Sasa ukweli. Biblia siifungui. Nikiifungua nasikia sauti yako ikisema "fafanua". Na huyo Mungu mwenyewe nimemkasirikia, Baba. Wiki sita tulifunga kwa ratiba uliyoibandika ukutani, kila siku na aya yake, na Mama akafa Jumanne saa nne asubuhi. Hukuniuliza najisikiaje. Uliniuliza kama nimemaliza zamu yangu ya kuomba.

Sala niliyobaki nayo ni moja. Zikija shuka za wodi ya wagonjwa mahututi, kila nikitandaza moja nasema, "Mwangalie aliyelala hapa." Halafu naipitisha kwenye mashine. Haina aya wala amina. Siku nyingine naisema kwa hasira. Ipe alama unayotaka, ila ripoti siandiki tena. Naogopa nikiendelea kumdanganya Mungu kwa ajili yako, hata hiyo moja itaniponyoka.

Binti yako

29 Mei

Binti yangu,

U hali gani? Kifua, usingizi, kazi? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya.

Wiki saba sijakuandikia. Nilianza barua nne za kukukemea nikazichana. Ulinikera sana, na bado umenikera, nisikufiche. Ila si kwa sababu unayodhani.

Tangu mazishi napiga magoti kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, nasoma sala kitabuni kwa sauti, nafunga kitabu, na hakuna kitu. Ni kama kusoma mahudhurio darasa likiwa tupu. Sijamwambia mtu, mimi mzee wa kanisa. Kilichokuwa kinanipeleka ibadani ni ripoti zako. Nikisoma umeguswa, nasema angalau mmoja wetu anasikilizwa. Ndiyo maana nilikuwa mkali, nilitaka nyingi zaidi. Na kumbe hizo nazo ulizitunga.

Jumanne nilikaa kwenye kiti cha mama yako, upande wa dirishani. Sikupiga magoti. Nilisema, "Mwangalie aliyekaa hapa." Niliona haya, nikatazama kama jirani amenisikia. Halafu nikamwambia Mungu kwamba ratiba ile niliiandika kwa mwandiko mzuri na hakuitazama hata mara moja. Nilimwambia mengi, mengine hayaandikiki. Nililia, mwanangu, mbele yake, na sikuondoka mpaka jua lilipofika miguuni.

Nisamehe kwa ile Jumanne nyingine. Nilipaswa kukuuliza unajisikiaje. Nakuuliza sasa.

Baba yako