Nyekundu Ambayo Shemeji Hakuiona

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana mpaka sasa siamini niliyoyasikia, mimi ni msimamizi wa kompyuta katika maabara ya hospitali na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, nafanya naye kazi chumba kimoja, tunaandika amri kwenye madirisha mawili ya skrini yaliyofanana kama pacha, moja la kompyuta ya majaribio na jingine la kompyuta yenye majibu ya wagonjwa, ndiyo maana niliingia kwenye faili la mipangilio nikalipa la majaribio rangi ya kijani na la wagonjwa nyekundu, nikajisifu kwamba hapo hata mlevi hakosei, kumbe! Juzi shemeji kafuta majibu ya wodi nzima akidhani anafuta ya majaribio, nakala ya akiba nayo ilikuwa ya zamani, watu wakaitwa upya kutolewa damu, wengine vichanga.

Nikamfokea, “Shemeji, nyekundu yote ile hukuiona?”

Akaniuliza taratibu, “Nyekundu ipi?”

Nikadhani ananitania. Nikamfungulia madirisha yote mawili. Akayatazama, akasema, “Mimi naona yote rangi ya udongo, shemeji. Tangu utotoni.”

Miaka yote hii tunakula meza moja! Sasa wakubwa wanamwita mzembe, wanataka kumfukuza, naye kaniapisha nisiseme, eti heri mzembe kuliko kilema, na mume wangu anasema nikifungua mdomo nimemuumbua ndugu yake. Nifanyeje?

Ni mimi, Niliyeduwaa.

*

Dada yangu, pole. Hata mimi nimeduwaa. Ila sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa: ulichagua rangi kwa macho yako, ukamkabidhi mwenzako bila kumuuliza. Naye kaficha siri mahali ambapo siri inaumiza wagonjwa. Mumeo anaogopa aibu tu, hatari haioni.

Leo hii rudi kwenye lile faili. Dirisha la wagonjwa lipe buluu iliyokolea, la majaribio njano, kisha shemeji mwenyewe akae kitini akwambie kama anazitofautisha. Usiishie kwenye rangi. Mwanzo wa kila mstari wa amri liandikwe jina la kompyuta kwa herufi kubwa, WAGONJWA, na kabla ya kufuta chochote, mtu alazimike kuliandika jina hilo. Nakala ya akiba ichukuliwe kila siku. Hilo ni lako, usimsukumie mtu.

Halafu mkalishe. Mwambie mzembe hufukuzwa, lakini asiyeona rangi hubadilishiwa dirisha. Aende kwa wakubwa aseme kwa kinywa chake, nawe uwe kando yake. Akikataa, sema wewe, ila useme naye akiwepo, akikusikia.