Namba Waliyompa Saliha

Buyenzi, Avenyu ya 14,
Bujumbura.
16 Novemba 2025

Mpendwa dada Asiya,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na baridi ya huko Sherbrooke haijaanza kukufungia ndani. Shemeji je, na watoto? Sisi huku tunapumua. Mama Saliha presha yake imeshuka, mimi nimenenepa kidogo, na bado ndiye fundi mwenye sura nzuri kuliko wote Buyenzi. Ukibisha, uliza wateja wa kike.

Garaji ipo, ila magari mengi yamelala. Petroli siku hizi ni kama mwezi mwandamo: wengine wanasema wameiona, wengine hawajaiona.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu mimi ni mwongo, dada. Nikisikia sauti yako naanza masihara, na Saliha anakuwa pembeni anasikiliza. Kwa hiyo nimekaa, mimi niliyeishia darasa la sita, nikashika kalamu, na Yahaya anayerudi huko Alhamisi ndiye atakayekuletea mkononi.

Lile nililokwambia mwezi wa tisa, kwamba mtoto amefanya vizuri sana kwenye testi ya akili, si kweli.

Nikueleze ilivyoanza. Unamkumbuka Daphrose, jirani yetu wa mlango wa bluu. Binti yake Amandine alirudia darasa la pili mara mbili, walimu wakimwita mjinga mbele ya wenzake. Kisha akapelekwa kwa mama mmoja wa saikolojia, Ingrid, anayepima watoto katika shule moja ya binafsi kule Kigobe. Alimpima siku mbili, akasema huyu akili anayo, masikio ndiyo hayasikii. Wakamtafutia kifaa cha sikio, wakamkalisha mbele. Leo Amandine anasoma mpaka anamchosha mama yake. Hilo nimeliona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Basi na mimi kichwa kikapata moto. Kama testi imemwokoa yule, Saliha wangu itampeleka wapi? We unamjua: miaka kumi na moja, Toyota inapita avenyu ya 15, yeye amekaa kwetu anakwambia injekta ya tatu ndiyo mbovu. Nilimpeleka mwenyewe, hakuna aliyetuita. Nikamwambia mkuu wa shule ile ya Kigobe, mimi mtu niliyefika Dubai mara mbili, nataka mtoto ahamie hapa, apimwe, aruke la sita aingie la saba. Na garajini nikatangaza kwa wote: subirini namba.

Asubuhi ile njiani nikampa mawaidha ya kazi yetu. Nikamwambia usiwe kama mafundi wa barabarani, gari halijazimwa wameshataja ugonjwa. Nyamaza kwanza, sikiliza mpaka injini ishike moto, ndipo useme. Hivyo ndivyo baba alivyotufundisha, na ndiyo maana wateja wanatuamini. Kumbe mle ndani kulikuwa na saa. Kila swali na sekunde zake, zikipita zimepita. Mtoto bado anasubiri injini ishike moto, wenzake wameshafunua ukurasa mwingine.

Halafu kukawa na picha. Wanakuonyesha kitu, useme kinakosa nini. Wakamwonyesha gari lisilo na kitasa cha mlango. Saliha akasema halikosi kitu, hilo linatembea. Mwavuli uliopungua waya mmoja, haukosi kitu. Kitana chenye pengo, hakikosi kitu, mama anacho kama hicho. Dada, nilipoelezwa nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Wakampa sitini na tisa. Ingrid akanichorea mstari, mia iko katikati, Saliha yuko kule chini na wasioweza kufuata darasa bila msaada. Simchukii yule mama. Aliniweka kwenye kiti, akaniambia kwa upole:

"Papa Saliha, hii testi ilitengenezwa kwa watoto wa mbali, tena kwa Kifaransa. Mi mwenyewe naiamini nusu. Inaweza kuonyesha mutoto anakwama wapi. Haiwezi kusema mutoto ni nani."

"Basi ichane."

"Apana. Imeshaingia kwenye dosiye, faili ya mutoto. Na ni we uliomba, ukatia sahihi."

Kweli nilitia sahihi, ile yangu ndefu yenye mikia.

Ingrid aliandika maelezo yote hayo chini ya karatasi. Mkuu wa shule hakuyasoma, alisoma namba. Badala ya kumrusha wakamshusha mpaka la nne. Nikamtoa, nikamrudisha shule yake ya zamani hapa Buyenzi, na wao wakaomba dosiye. Mwalimu Sylvère ni mtu mwema, lakini ana watoto tisini na wawili chumba kimoja. Akaniambia, "Shakuru, hata hawa nilio nao wa nyuma siwafikii. Nitampokea, ila usinidai kitu." Amemweka nyuma. Kupimwa tena, Ingrid anasema, ni baada ya miaka miwili. Miaka miwili, dada, kwa mtoto wa kumi na moja.

Hayo ningeyabeba. Nisichoweza ni hiki. Wateja niliowaahidi namba walikuja kuitaka. Pontien, yule dereva wa teksi mwenye utani mwingi, alimkuta Saliha amekaa juu ya tairi, mimi niko chini ya gari.

"Eh, profesa, papa yako alituahidi namba. Walikupa ngapi?"

Kabla sijajivuta nitoke, nikamsikia anajibu kwa adabu, "Sitini na tisa." Pontien maskini hakujua, akampigia makofi. Saliha akamweleza taratibu, kama alivyoelezwa shuleni, kwamba mtu wa kawaida ni mia.

Tangu siku ile kila nikimuuliza kitu anasema hajui. Wiki iliyopita ililetwa Carina inayozimika njiani. Saliha alikuwa anapita na ndoo. Akasimama, akaweka kiganja juu ya boneti, usawa wa distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi.

"We unaona ni nini?" nikamuuliza.

Akaondoa mkono kama ameungua. "Sijui, papa. Uliza watu wenye akili."

Nilifungua. Ilikuwa distributa. Alijua, na aliniona nimejua kwamba anajua, na bado akachukua ndoo yake akaenda.

Nimejaribu masihara, nimejaribu ukali, nimemwambia mjinga ni mimi. Ananisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Anaamini karatasi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia tangu utotoni kwamba mteja atakudanganya lakini kipimo hakidanganyi.

Ombi langu, ukipiga simu usimuulize shule, wala usimsifu. Akisifiwa siku hizi anajua anahurumiwa. Sikuombi dawa. Ungekuwa nayo ungeshaituma.

Nisalimie shemeji Mohamadi na watoto wote. Mama Saliha anakusalimu sana, na Daphrose pia, ambaye siku hizi akituona anapunguza furaha yake, na hilo nalo linaniuma. Mungu akutunze huko ugenini, akupe riziki ya halali na afya ya kuifaidi.

Saliha nilimwekea nafasi hapa chini akuandikie salamu zake mwenyewe kama zamani. Alishika kalamu, akaniuliza ana dakika ngapi. Nikamwambia zote. Akakaa, akakaa, kisha akanirudishia karatasi.

Nafasi yake nimeiacha wazi.

Wako akupendaye,
nduguyo Shakuru