Winchi Amefunga

Jumatatu, 16 Oktoba 2006

Nimetoka kiwandani Nechells miguu si yangu. Saumu na kupakia maboksi haviendi pamoja, nani aliniambia vinaenda? Basi limechelewa, mvua. Kawaida ya huku.

Aabo, baba yangu, leo amefunga tena! Daktari alisema wazi kabisa: mzee ana sukari, tena akili zimeanza kumtoka, asifunge. Lakini Orpha, yule mama wa Bukavu anayekuja kumwogesha na kumlisha nikiwa kazini, amenipokea mlangoni akivaa koti. "Dada, papa amekatala. Nimemuwekea uji, anasukuma assiette, anasema amefunga. Njo nikatosha." Yaani assiette, sahani, ameiondoa. Hata kanisani kwao wanafunga na kuomba, anasema. Hawezi kuingia kati ya mtu na Mungu wake.

Nikampigia Sahal. Ndugu yangu huyu anaishi Northfield, anaendesha teksi na kutoa fatwa. Eti nisimforce. Mzee amesahau majina yetu lakini Ramadhani hajaisahau, si hiyo ni baraka, Hamdi? Baraka, sawa. Anayebaki naye ni mimi.

Magharibi tumekaa chini sote na watoto, sinia katikati, na Aabo amekula vizuri sana. Wali, sambusa mbili, ndizi. Alhamdulillahi. Nimeosha vyombo nimefumba macho.

(Najiandikia kwa Kiswahili kwa sababu watoto wangu wanakisikia lakini hawakisomi. Mahali pekee nyumbani hapa ambapo hakuna mtu anayenichungulia.)

Jumanne, 24 Oktoba

Idd ilikuwa jana. Nimelala saa nyingi na bado nimechoka.

Nilimpeleka Aabo ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Wazee wa Nairobi wakamwona – "Winchi! Winchi!" – wakamzunguka kama yeye ndiye aliyeuleta mwezi. Hilo ndilo jina lake la chuoni. Mwaka wa sabini na moja, chuo cha ualimu, mpira wa vikapu. Walisema anaunyanyua mpira juu ya vichwa vya watu kama winchi ya bandarini, halafu anaushusha ndani ya ringi polepole, bila haraka, huku beki anamtazama tu. Uwanja wa simiti yenye nyufa. Ringi hazina nyavu, kwa hiyo kila kikapu ni ugomvi, umeingia haujaingia. Na siku aliyowafunga vijana wa chuo kikuu pointi hamsini na moja peke yake, hata refa aliacha kubishana.

Kila mwanamume wa Nairobi aliyepita miaka hamsini anaapa siku ile alikuwepo. Uwanja ule basi ulikuwa mkubwa kuliko Birmingham!

Mzee mmoja alikuwa anapiga hesabu na vidole: zama hizo hakukuwa na pointi tatu, na Bulle, ndiye Aabo, alikuwa anarusha kutoka mbali, kwa hiyo hamsini na moja ile kwa sheria za sasa ni sitini na kitu. Wakabishana hapo hapo, chai inapoa. Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Marekani akamtazama Aabo, soksi moja nyeusi, moja ya kijivu. "Him? Serious?" Nilitaka kumzaba kofi.  Aabo alikuwa anatazama mikono yake.

Halafu leo asubuhi, Orpha kwenye simu: papa amefunga. Ramadhani imekwisha! Sahal ana jibu, Sahal hakosi jibu. Ni sita za Shawwal, saumu za baada ya Idd, sunna, mwache mzee apate thawabu zake.

Nimemwacha. Sina nguvu za kubishana na watu wawili na Mungu.

Alhamisi, 2 Novemba

Sita hizo zimekwisha tangu juzi. Bado anafunga.

Sinia tulishalirudisha kabatini. Mimi niko zamu za jioni, watoto wanakula na televisheni, kila mtu na sahani yake. Nikimwekea Aabo yake, anaisukuma mbele kwa vidole viwili mpaka inanigusa mkono. "Nimefunga." Namwambia, Aabo, magharibi imeshaingia, tazama dirishani, giza. Anatazama giza. "Nimefunga!" Naondoa sahani, anapiga meza. Namrudishia, anaisukuma. Nikajaribu kijiko, akafunga mdomo kama mtoto, halafu akaniuliza kwa adabu kabisa:

"Wewe ni mgeni hapa?"

Mgeni. Miaka saba namfulia!

Kiingereza chake kimeshakwenda. Kisomali kinakuja na kuondoka. Kilichobaki ni Kiswahili cha ujana, na humo ndani mimi sipo, sikuwa nimezaliwa.

Anakula biskuti anapojiokotea mwenyewe. Anakunywa chai. Lakini nimemtoboa mkanda tundu jipya leo, na suruali bado inateremka. Nimempigia daktari, wamenipa miadi wiki ijayo. Orpha ananihurumia, anasema kwao wazee wakikaribia safari wanaanza kufunga hivi, wanajisafisha. Nilimwambia asiniambie tena maneno hayo. Kisha nikamwomba radhi. Nimechoka, nimechoka, nimechoka.

Jumatano, 8 Novemba

Ameanguka chooni. Ambulensi. Sijala, sijaswali. Baadaye.

Ijumaa, 10 Novemba

Kifua. Wanasema chakula na chai vimekuwa vikimteremkia njia ya mapafu, koo limelegea, na mwili hauna akiba ya kupigana. Dripu kwenye mkono. Juu ya kitanda wamebandika karatasi: asipewe kitu mdomoni. Hata maji. Mtaalamu wa kumeza atampima Jumatatu, ndipo watajua.

Daktari ni binti mdogo, mwenye upole. Akaniuliza, tangu lini hali chakula? Nikasema anafunga. Kwa dini? Kwa dini. Akaandika. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma.

Sahal amekuja na kofia mkononi. Amesimama miguuni pa kitanda muda mrefu. Hakutaja thawabu. Alisema tu, "Amekuwa mdogo, Hamdi," akaenda kutafuta mahali pa kulipia parking.

Jumapili, 12 Novemba

Naandika hapa hapa wodini, kwenye kiti, daftari gotini.

Asubuhi amekuja Adeer Yarrow, ami yetu wa heshima tu, kutoka Leicester. Alikuwa Nairobi tangu kiangazi, amesikia habari jana. Walicheza timu moja chuoni, yeye akimpa Aabo pasi. "Kazi yangu ilikuwa kumtafuta tu," alisema, "hesabu zingine ni zake." Suti, tai, na bado mrefu hata alivyoinama. Akasimama pale akaita kama yuko uwanjani: "Winchi!"

Aabo akafungua macho! Siku mbili hakuyafungua kwa sauti yangu. Akautoa mkono chini ya blanketi, ule usio na dripu, akasukuma hewa mbele kwa vidole viwili.

"Nimefunga."

Nikamwambia Yarrow, ndiyo hivyo Adeer, karibu mwezi anasema amefunga, Idd imepita, sita zimepita, hataki kuelewa, ndiyo yaliyotuleta hapa.

Yarrow akacheka. Akacheka! Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Saumu gani, Hamdi? Huyu anadai nyama yake!"

Nikamuuliza, nyama gani?

Akaeleza huku anajifuta macho. Chuoni, mechi ikiisha, timu nzima inakwenda jikoni na jasho lake, laini moja, sahani mkononi. Mpishi wao alikuwa mzee mmoja mkali, hajui basketboli hata kidogo, lakini ana sheria yake. Anagonga sufuria kwa upawa: nani amefunga? Aliyefunga vikapu vingi anapita mbele ya wote, anasukuma sahani mezani, anasema nimefunga, na anapakuliwa kwanza, na mnofu wa ziada juu. "Miaka miwili sisi wengine tulikula mchuzi," alisema Yarrow. "Huyu baba yako! Kila mechi! Nimefunga, nimefunga. Mpishi mpya akija asiyemjua, Winchi ndiye anamuuliza, wewe ni mgeni hapa?"

Akaendelea kucheka kidogo, kisha akaniona uso. "Kwani mlifikiri nini?"

Tulifikiri nini! Alikuwa anaomba chakula. Kila siku. Alikuwa anaomba kama alivyojua kuomba, na mimi kila akiomba naondoa sahani. Orpha anaondoa. Sahal kwenye simu anasema ondoeni. Kwenye sinia hakuna sahani ya kusukuma, ndiyo maana alikula, mjinga mimi, ilikuwa mbele ya macho yangu. Angesema kwa Kisomali tungejua siku ya kwanza, *soon* ni saumu tu, haiwezi kuwa kikapu. Ni Kiswahili hiki. Neno moja, na sisi sote waumini wazuri, Mwislamu na Mkristo, tukasikia saumu.

Nimemkimbilia nesi. Nimemweleza vibaya, kwa haraka, scored, not fasting, he is hungry, he was always hungry. Alinishika bega. Kijiko kimoja cha uji? Hapana, love. Ulimi tu kumlowanisha na kisponji. Mpaka apimwe kesho. Na akishindwa kesho? Akasema daktari atazungumza nami.

Yarrow ameteremka kumpigia Sahal. Nilimwomba amwambie yeye, mimi siwezi.

Nimerudi kwenye kiti nikalia, kwa sauti, sikujali wodi. Aabo ananitazama. Kisha, kwa ile sauti ya mtu mkubwa anayemwendea mpinzani baada ya filimbi:

"Nyinyi mmefungwa?"

"Tumefungwa, Aabo."

"Pole." Akafikiri. "Ngapi?"

 Amenipigapiga mkono, polepole, bila haraka. Halafu vidole viwili vikaanza tena juu ya blanketi, vinasukuma.

Saa ya chakula cha mchana. Toroli imeingia wodini, nasikia vifuniko vinagongana, harufu ya mchuzi inakuja. Kitanda cha kwanza. Cha pili sasa. Aabo amegeuza kichwa upande ule na ananyoosha mkono. Nainuka nivute pazia –