Ujumbe wa Kumkumbusha Mama Kidoti

Jumatatu, 4 Machi

Tumefungua! Jengo moja, mlango mmoja — nesi wa kliniki, mwalimu wa chekechea, afisa ustawi, na mimi mratibu. Zamani mama aliyevunjwa mkono alizungushwa ofisi tatu, kwenye kila moja anaanza kueleza upya, mwisho anachoka na kurudi kwa huyo huyo aliyemvunja. Sasa faili ni moja. Nesi kanitania, eti leo natembea kama bibi harusi. Acha nitembee.

Jumanne, 5 Machi

Mama Kidoti kaja na mwanawe. Jicho limevimba hadi limefumba. Eti kateleza bafuni. Nesi akamwuliza, hilo bafu lina ngumi? Mficha maradhi, mama, kifo humfichua. Akalia sana. Mumewe ni seremala, na safari hii alitumia mpini wa nyundo. Mtoto naye ana alama tatu mgongoni.

Kidoti ana miaka mitatu. Mwalimu alimpa mwanasesere. Akamlaza chini, akamkalia tumboni, akawa anamchapa makofi huku anamwuliza, "Utasema? Utasema?" Nilitoka nje. Nilitamani kumng'oa seremala yule meno, moja moja. Mimi, mtu wa semina za malezi!

Jumatano, 6 Machi

Wamehamia kwa dada yake mkubwa. Mume hapajui. Kesho saa nne watarudi: mtoto apimwe, mama atoe maelezo kwa polisi. Anasema mume kaapa kumuua akiondoka. Nikamwambia, hapa kwetu hakugusi mtu.

Mchana nimeunganisha orodha ya kliniki na ya ustawi kwenye kompyuta, nikabonyeza mara moja — familia zote kumi na tisa zimepata ujumbe wa kuwakumbusha miadi yao. Kazi safi!

Alhamisi, 7 Machi

Alikuja. Nyundo mkononi. Hakuuliza njia, alinyoosha moja kwa moja hadi chumba namba mbili. Mama Kidoti alikuwa ameinama, anamvisha mtoto viatu. La kwanza lilimpata begani. La pili kichwani. Mlio ule! Nesi akamrukia, akabamizwa ukutani, meno mawili yakamtoka. Mwalimu alimlalia Kidoti kumkinga. Mimi nikanyakua mizani ya watoto, ile ya chuma, nikampiga nayo usoni. Akaanguka. Nikampiga tena. Na tena. Damu hadi kwenye mabango ya chanjo. Afisa ustawi ndiye aliyenivuta. Sijutii.

Polisi wakampekua. Kwenye simu yake, ujumbe wangu: "Mama Kidoti, kesho saa nne, chumba namba mbili. Usikose."

Kadi ya kliniki ilikuwa na namba ya mume tangu mtoto azaliwe. Nyumba nzima ilikuwa na simu moja, yake. Nesi alidhani ustawi wameuliza namba mpya. Ustawi walidhani nesi kauliza. Mimi sikumwuliza yeyote.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Kidoti kapasuliwa kichwa. Hajaamka. Bosi kapiga simu: sema kompyuta ilileta hitilafu. Afisa ustawi naye ananisihi ninyamaze — kituo kikifungwa, dada yangu, wale wengine kumi na wanane watakimbilia wapi? Ana hoja, na ndiyo inayonitafuna.

Jumamosi, 9 Machi

Kaamka! Naandika kwenye benchi, nje ya wodi. Nesi katoka kuniambia, mdomo umevimba, maneno yanatoka kwa shida. Mama Kidoti kauliza jambo moja tu: nani alimwambia tuko pale? Na kajijibu mwenyewe — dada. Ukituacha sisi wa kituo, ni dada tu aliyejua saa na chumba. Kasema dada asikanyage wodini, na mtoto aondolewe kwake leo leo. Dada aliyemlea tangu mama yao afariki!

Nikamwuliza nesi, wewe ulimjibu nini? Akarudi ndani, mlango kauacha wazi.

Nasikia sauti ya Kidoti kwenye ngazi. Dada anapanda naye, anamhesabisha vidato. Wamefika saba. Naweka kalamu, naingia.