Mkwe Kando ya Kitanda

Jumatano

Bado nina hasira, sijui nimkasirikie nani. Yule bibi wa Mwandoya alipozinduka kutoka nusukaputi baada ya upasuaji nilimuuliza kama kidonda kinauma. "Hapana, mwanangu." Mchana kutwa jibu lilikuwa hilo hilo, nami sikumwongezea dawa ya maumivu.

Jioni mkwewe, mume wa bintiye, aliyeshinda kando ya kitanda, alitoka kufuata uji. Hapo hapo bibi akang'ata kanga, anatetemeka.

"Nichome sindano upesi, kabla hajarudi. Nitaliaje mbele ya mkwe?"

Nikamchoma. Nilipokabidhi zamu nilimsihi mwenzangu amtoe mkwe nje kabla ya kumuuliza bibi kuhusu maumivu. Akasema wodi imejaa, hana muda wa mila.

Saa hizi, nikiandika haya nyumbani, sindano itakuwa imeshaisha nguvu. Bila shaka mkwe amekaa palepale, amempa mgongo kwa heshima. Bibi anaulizwa, anajibu hapana.