Nitasimama Kwanza Juu ya Shimo

Arua, Jumanne

Nimekufa leo, na hasira bado haijanitoka.

Pale ukumbini Arua Hill, tunakojifunza uokoaji wa migodini, walinivalisha ile miwani kubwa ya kompyuta. Ukiivaa unajiona uko ndani ya shimo la dhahabu, moshi kila upande. Mtu akalia huko mbele. Nikamkimbilia.

Mwalimu akanivua miwani. "Dada, wewe nakufa. Kipima hewa iko mkononi, naonyesha hewa ya sumu, na hukuangalia."

Nikamwambia kwetu Koboko mtu akilia humpiti, hata akiwa adui yako.

"Ndiyo hiyo namaliza watu," akasema. "Moja naanguka, wengine nafuata."

Kinachoniudhi ni kwamba anasema kweli.

Jioni nikampigia mdogo wangu Taban, anayechimba dhahabu kule nyumbani. Nikamwambia, "Siku shimo ikikufunika, ukiniita, mimi nitasimama kwanza juu, napima hewa. Usifikiri sisikii."

Nilidhani atacheka. Nikasikia tu mbuzi wa mama nyuma yake.

"Sawa, dada," akasema. "Lakini itika."